Siku ya Kwanza ni Yangu, Baragumu ni Langu

Ijumaa, 18 Agosti
Mwezi wa Elul umeanza. Rabi Ezequiel anasema ni mwezi wa kujikagua kabla ya Mwaka Mpya wetu, na kila mtu aandike malengo yake. Sijakanyaga sinagogi tangu nilipokuwa na miaka kumi na mitatu. Sasa nina sitini na mmoja. Nimeingia, hakuna aliyeshangaa. Nimeudhika.

Malengo:
Nyama na maziwa visikutane tena mdomoni mwangu.
Sabato nipumzike. Hili naliweza.
Nisiseme watu vibaya. Nimeripoti kesi mahakamani miaka thelathini na mmoja. Hili litaniumiza.

Kwa nini nimerudi kwenye dini? Imani, bila shaka. Na mama. Ana miaka themanini na minane, ameanza kugawa vitu. Baragumu la baba yake, babu Jánkel, liko kabatini mwake ndani ya soksi. Ni pembe ya kondoo dume ambayo babu aliipuliza kila Mwaka Mpya kule Basavilbaso alikokuwa akilima. Mama ametangaza: kati yangu na dada yangu Perla, atakayekuwa wa kwanza kulipuliza mbele ya watu Mwaka Mpya huu ndiye atakayelichukua. Mwingine atapewa sufuria za samaki.

Sitaki sufuria.

Jumatatu, 21 Agosti
Perla hajakosa Sabato miaka ishirini. Ni daktari wa meno. Ana mapafu, ana subira. Nimewahi kwa mama saa mbili asubuhi, nikaazima baragumu kwa ajili ya mazoezi. Sasa yeye hana la kufanyia mazoezi. Pigo la kwanza!

Nimepuliza nikiwa kwenye roshani. Ilitoka hewa, kisha sauti ya ndama aliyebanwa mlangoni. Ramón, msimamizi wa jengo, akapanda mpaka ghorofa ya nne kuuliza kama Atlanta, timu ya mpira ya mtaa wetu, wamefunga bao. Nikamwambia ni ibada. Akasema basi Mungu atusaidie sote, ila niabudu baada ya saa tatu, kuna watu wamelala.

Jumatano, 23 Agosti
Lengo la kwanza limeanguka saa saba na dakika ishirini mchana. Milanesa, kipande cha nyama ya ng'ombe ya kukaanga, juu yake jibini, chini ya jibini nyama ya nguruwe. Nimegundua ikiwa imebaki robo. Nikaimalizia. Kutupa chakula nako ni dhambi.

Alhamisi, 31 Agosti
Nimepata silaha. Sheria yetu inasema kabla ya Siku ya Upatanisho umwombe msamaha uliyemkosea. Akikukatalia mara tatu, dhambi inahamia kwake. Nimeisoma mara mbili kuhakikisha.

Saa nne na dakika kumi nikampigia Perla, nikamwomba msamaha. Akauliza wa nini. Nikamwambia asinihoji, akatae tu. Akasema amenisamehe. Nikapiga tena. Akanisamehe tena. Mara ya tatu alikuwa na mgonjwa kitini. Akaniweka kwenye spika, akasema, "Nimekusamehe, kaka, na bwana huyu aliyeachama hapa naye kakusamehe."

Mwanamke mgumu.

Jumapili, 3 Septemba
Rabi ametuita mimi na Perla ofisini kwake. Mwaka Mpya una siku mbili, kila mmoja wetu apewe moja. Nilikwenda na hoja nne kwenye karatasi. Sijasoma hata ya kwanza, Perla akasema, "Kaka ndiye mkubwa. Achukue siku ya kwanza."

Ushindi! Rabi alinitazama, akamtazama Perla, akakohoa. Akaniuliza kama nimeangalia kalenda. Nikamjibu kwamba mimi ni mwandishi wa habari, tarehe ndiyo kazi yangu: Jumamosi, tarehe kumi na sita. Akasema naam, Jumamosi, na hapo ndipo penye jambo. Nikamkatiza. Nimeshakubali, nikasema, iandikwe. Perla akasema iandikwe. Ikaandikwa.

Mpango wa siku ya pili nao uko tayari. Jumamosi napuliza, narudi nyumbani na baragumu langu. Jumapili nachelewa kuamka. Perla asimame mbele ya watu mikono mitupu.

Jumapili, 10 Septemba
Mama anasema Perla anafanya mazoezi kwa kipande cha mpira wa kumwagilia maua. Nimecheka dakika mbili. Si kumsema vibaya. Sikusema neno.

Saa kumi jioni sauti imetoka. Sauti ya kweli, moja, ndefu, sekunde tisa. Njiwa wote wakaruka. Ramón alipiga makofi kule ngazini. Nikakaa kwenye kiti cha roshani, baragumu mapajani, nikakaa muda mrefu. Babu alikuwa akifikisha sekunde kumi na tano. Nilikuwa na miaka sita, nilisimama karibu na kiwiko chake. Lazima liwe langu.

Jumatatu, 18 Septemba
Naandika ukweli wa siku mbili kama ulivyo.

Jumamosi. Nilivaa suti ya kijivu. Nikatembea mitaa kumi na mmoja kwa miguu, baragumu mkononi, bila soksi, kila mtu alione. Wazee mlangoni walinisalimu kwa furaha nisiyoielewa. Mama alikuwa safu ya pili, kajifunga skafu mpya. Ukafika wakati. Hakuna aliyeniita. Nikaenda mbele mwenyewe, nikaliinua baragumu, nikavuta pumzi.

Rabi akaliwekea mkono. Akasema leo ni Sabato. Mwaka Mpya ukiangukia Sabato, baragumu halipulizwi. Nikauliza tangu lini. Akasema karibu miaka elfu mbili. Nikauliza sababu. Akasema Sabato ni marufuku kubeba kitu njiani, na wanazuoni wa kale waliogopa asije akatokea mtu asiyejua, akalibeba baragumu mkononi akikatiza mitaa.

"Miaka yote nilidhani walitia chumvi," akasema. "Kumbe walikuwa wanakungoja wewe, bwana Natalio."

Safu tatu za mbele zilisikia. Perla alikuwa ameinamia kitabu cha sala, mabega yanamtikisika.

Nikageuka niondoke na baragumu langu. Rabi akasema kama kulileta ni marufuku, kulirudisha ni marufuku vilevile. Likafungiwa kwenye kabati la sinagogi. Kwa hiyo mpango wangu wa siku ya pili ulikufa hapohapo, na aliyempelekea Perla baragumu mpaka miguuni ni mimi.

Jumapili. Perla alipuliza sauti mia moja. Hakukosea hata moja. Ya mwisho ilikwenda sekunde ishirini na mbili. Nilitazama saa, nikatamani ikatike, haikukatika. Mama akasimama katikati ya ibada, akasema kwa sauti, "Huyo ndiye baba yangu!"

Baragumu limekwenda kwa Perla. Mimi nimepewa sufuria tatu, moja haina mfuniko. Nikamwambia mama mtu wa kwanza kusimama mbele ya watu nilikuwa mimi. Akasema, "Kusimama hata mimi nasimama, mwanangu, na goti langu ni la bandia."

Sikubali. Nimeonewa kwa kanuni.

Jumanne, 26 Septemba
Mfungo wa Siku ya Upatanisho umekwisha jana. Nimemwomba Mungu msamaha kwa kila kitu isipokuwa suala la baragumu, ambalo nalihesabu liko kwenye rufaa. Malengo yangu matatu yote yameanguka. Kasoro ni ya malengo. Mimi sina tatizo.

Sasa inakuja Sikukuu ya Vibanda. Rabi alitafuta watu wa kutangulia mbele ya waumini na tawi la mtende na balungi, kila siku mtu wake. Perla alikuwapo. Safari hii sikumpa nafasi hata ya kuvuta pumzi. Niliruka juu, nikadai siku ya kwanza. Jumamosi, tarehe thelathini.

Rabi akafumba macho. Akaanza kusema kitu. Nikamwambia iandikwe.

Perla akasema, "Chukua, kaka. Wewe ndiye mkubwa."

Nimemnyang'anya mchana kweupe! Tawi nimeshalinunua, nimelipima, lina urefu wa karibu mita moja. Nitatoka nalo nyumbani mwenyewe, kwa miguu, nimeliinua juu, mitaa yote kumi na mmoja ilione.