Kuhusu Karai Lililotoka Gazetini

Chama cha Akina Mama,
Mautuma, Lugari,
Kakamega.
Mwezi wa Agosti, 1965.

Kwako Bwana Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na meza yako imejaa picha zinazofaa. Sisi hatujambo, isipokuwa hasira.

Mimi ni Jescah Ayuma, katibu wa chama. Mzungu aliyetuachia mashamba haya aliacha pia zizi la farasi, jengo la mawe zuri kuliko nyumba zetu zote. Tuliamua liwe wodi ya wazazi, kwa sababu mwaka jana mwenzetu Sellah alijifungulia ndani ya trela la trekta akipelekwa Kakamega, juu ya magunia ya mahindi. Tulipomwomba afisa wa maendeleo mkunga, alisema, "Mama, siwezi kuiombea mkunga nyumba ambayo hakuna mtu ameiona. Ionyesheni gazetini kwanza." Ndiyo maana tulikuandikia, nawe ukatujibu kwamba habari yetu ni nzuri ila inataka picha inayofaa. Tangu siku hiyo hatujapumzika. Malalamiko yetu ni haya:

1. Tulimwita Cornelius, mpiga picha wa mjini, akaja na baisikeli. Tukavaa nguo za kanisani, tukasimama mbele ya wodi, warefu nyuma, wafupi mbele. Mlirudisha picha hiyo mkisema tumesimama kama watu wanaongoja kuhukumiwa. Bwana Mhariri, kwetu mtu akipigwa picha husimama. Anayechezacheza ni mlevi.

2. Mkataka tuonekane kazini. Tukapigwa picha tukikandika kuta kwa udongo. Mkajibu kwamba wasomaji hawataki kuona migongo. Nakuomba kwa heshima ukandike ukuta wa nyumba yako huku uso umeugeuzia barabarani. Sisi tulijaribu. Sellah alimpaka Jeruto udongo mdomoni, na Cornelius akawa anapiga kelele, "Msicheke! Mhariri anataka sura ya maendeleo!" Picha hiyo hata hatukuituma. Inaonyesha watu wawili wakipigana.

3. Hapo ndipo afisa alipopita, Land Rover yake ikitaka maji. Alipoiona kamera, kiu ya gari aliisahau. Akavua koti, akalitoa karai kichwani mwa Jeruto, ambaye ni mjamzito na alikuwa amelibeba tangu asubuhi. Lakini lilikuwa zito. Akasema, "Limwageni kwanza, suti hii ni mpya." Tukamwaga udongo. Akajitwika karai tupu, akakunja uso kama mtu anayebeba jiwe la kusagia, Cornelius akabofya. Akamrudishia Jeruto karai lake, akaomba maji ya gari, akaenda.

4. Katika picha zote zilizowafikia, ndiyo hiyo mliyoona inafaa! Mkaandika chini yake, "Afisa ajenga wodi Mautuma." Sisi mkatukata. Pembeni kimebaki kiwiko kimoja. Mimi nasema ni changu, Sellah anasema ni chake, na wiki iliyopita chama kilikaribia kuvunjika kwa ajili ya kiwiko hicho.

5. Nyuma ya picha niliandika majina yetu kutoka kushoto kwenda kulia, kama mlivyoagiza. Ninyi mkayageuza kuwa "wakazi wenye furaha." Mimi sikuwa na furaha. Wakati ule kamera ikilia nilikuwa namuuliza afisa, "Na mkunga je?" naye akanijibu bila kusogeza midomo, "Baadaye, mama, utaharibu picha."

Kwa hiyo tunadai mchapishe picha nzima, mtaje majina yetu, na mtangaze kwa herufi kubwa kwamba karai lilikuwa tupu. Mkikataa, tutaacha kununua gazeti lenu. Najua tunanunua moja tu, ambalo mwenyekiti wetu, mwanamume pekee chamani, Mzee Hezekiah, hutusomea sokoni. Lakini tunalisikiliza watu wengi, na sote tutaacha kwa pamoja.

Wasalimie wenzako ofisini, wapanga herufi, na mwenye mkasi. Mungu amlinde asijikate vidole. Akina mama wote wanakusalimu, hata wale ambao hawataki kukutajia jina.

Ni mimi, katika heshima iliyobaki,
Jescah Ayuma,
Katibu.

Tanbihi: Bwana Mhariri, tafadhali usiichapishe barua hii. Nilikuwa sijaifunga bahasha afisa alipofika, na ndani ya gari ameleta mkunga, Bi. Chepkemoi, pamoja na vitanda. Inasemekana wakubwa wake waliiona picha, na kila wanapokutana naye wanamuuliza wodi yake inaendeleaje. Alisimama mlangoni akatuambia, "Siwezi kuiacha wodi yangu bila mkunga." Tukampigia makofi. Jeruto hakupiga, kwa kuwa uchungu ulikuwa umeshamshika. Amejifungua msichana leo, kitandani, na wote wawili ni wazima. Sasa hatuna tangi la maji. Nimemweleza afisa kwamba Cornelius atakuja Jumamosi na kamera, naye ameahidi kuja na koleo. Tafadhali mwachieni nafasi ukurasa wa mbele. Sisi tutasimama pembeni kabisa, mahali panapokatika kwa urahisi.