Ndege Aliyehama Chama

Jumatatu, tarehe 4

Na bado anacheza! Naandika haya nimejificha nyuma ya kabati la bundi waliokaushwa, na Profesa bado anaizunguka meza, kinasa sauti kakikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Mzee wa miaka sabini na moja! Viatu kavua.

Kisa chenyewe hiki. Nyuma ya chuo kuna mti, na mtini kuna ndege mdogo wa kahawia. Vitabu vyote vinasema ni bubu. Profesa peke yake anashikilia kwamba anaimba, ila mara moja tu, kabla jua halijachomoza. Basi wiki mbili nzima nimekuwa napanda juu ya tangi la maji lililo kando ya mti kila alfajiri na kinasa sauti. Asubuhi kumi na nne. Nimenasa jogoo, nimenasa mbwa, nimemnasa mlinzi akipiga chafya. Ndege, kimya.

Leo usingizi ukanipitia. Kufumbua macho, jua hilo usoni! Na leo ndiyo ilikuwa siku yangu ya mwisho, kesho kinasa sauti kilikuwa kinakwenda kwa Digrii. Digrii ni kijana wa humu ofisini, mrefu, anapiga pasi mpaka kamba za viatu. Mimi shule niliishia darasa la nne, kazi yangu kufuta vumbi kwenye ndege waliokufa. Atakayempata ndege ndiye atakuwa msaidizi wa utafiti. Na msaidizi wa utafiti anapewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, chenye picha.

Nikawasha kinasa sauti, nikapiga mluzi. Kidogo tu! Wimbo wowote uliokuwa kichwani. Nilitegemea Profesa aseme hizi kelele tu, rudi tena wiki ijayo. Kumbe!

Jumanne, tarehe 5

Balaa. Profesa kashinda kwenye kinanda tangu asubuhi. Anasikiliza kipande, anabonyeza, anaandika nota, anafuta kwa mkono wa koti. Akatangaza kwamba ndege huyu ana sauti iliyonyooka kuliko waimbaji wote wa redioni. Digrii kakaa pembeni, kanikodolea macho. Mimi nikawa namfuta kasuku. Kasuku yule yule, robo saa.

Mara Shangazi akaingia na chai. Ndiye mpishi wa Profesa, ndiye aliyeniombea kazi. Kufika katikati ya chumba, akaanza kukifuata kinanda kwa maneno! Mwavuli oyee, mwavuli utatufunika! Akatikisa na bega. Profesa akaondoa vidole kwenye kinanda.

Wimbo wa chama cha Mwavuli! Ule unaopigwa na gari la kampeni, linalopita kutwa na vipaza sauti vinne. Wala sikujua, naapa. Ulikuwa umekaa tu kichwani kama mpangaji.

Sasa jamani, Profesa ni chama cha Taa. Taa damu. Beji ya Taa anavaa kwenye koti, kwenye sweta, na kwenye nguo za kulalia. Kila wiki anaandika barua gazetini kuwatukana Mwavuli kwa lugha ya heshima. Akakaa chini polepole. Akasema hata huyu? Hata huyu, niliyemtetea miaka arobaini?

Digrii akacheka kwa pua. Akasema basi tupate sauti ya pili, tuhakikishe. Eti kwa faida ya sayansi. Profesa akapunga mkono tu: kinasa sauti kibaki kwangu. Nikapokea.

Jumatano, tarehe 6

Profesa yuko kitandani. Mkate hajagusa. Gazeti limelala kifudifudi sakafuni, jambo ambalo Shangazi anasema hajaliona tangu aanze kazi nyumba ile. Kaomba dirisha la upande wa mti lifungwe.

Nilikwenda kumwona nimwambie ukweli. Nikafika mlangoni, nikasema shikamoo, akaitikia kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Ulimi ukagoma. Mimi mbele ya watu hata jina langu linanishinda, nitaanzaje kutamka kwamba ndege ni mimi?

Nashuka ngazi, akili ikanijia, tena akili kubwa mpaka nikashika ukuta. Mzee anaumwa Mwavuli. Dawa yake nini? Taa! Kesho alfajiri nitapiga mluzi wa wimbo wa Taa. Mzee anainuka, ndege anasamehewa, Digrii anapata hiyo sauti yake ya pili. Sijui kwa nini watu wanasoma miaka yote hiyo.

Alhamisi, tarehe 7

Amepona! Lakini sivyo nilivyopanga. Sivyo hata kidogo!

Nilidhani atatabasamu, atakula mkate, yaishe. Alipousikia wimbo wa Taa akaruka kitandani na shuka lake, akapiga kelele mpaka Shangazi akaangusha sufuria huko jikoni. Ndege amehama chama! Siku tatu tu, amehama chama!

Tangu hapo hajakaa. Ameandika kurasa kumi na nane. Anasema ndege hashabikii mtu, anamfuata aliyepita mwisho barabarani, na kwamba amewaelewa wapiga kura leo kuliko katika miaka yote ya kuandika barua. Akaivua beji ya Taa, akaiweka juu ya meza, akasema msomi hatakiwi kuegemea upande. Nikaiangalia ile beji. Sweta limebaki na tundu.

Digrii akaomba tusikilize tena. Akasimamisha katikati. Akauliza kwa nini ndege amekohoa.

Kweli kakohoa! Mafua haya ya juu ya tangi! Profesa akamjibu, na vumbi lote lile la magari ya kampeni, wewe ungekaa mtini usikohoe?

Akakiongezea kikohozi ukurasa mzima. Jioni kampa tarishi barua ya gazetini.

Ijumaa, tarehe 8

Imetoka gazetini! Saa mbili asubuhi gari la Mwavuli limeegeshwa upande huu wa mti. Saa mbili na nusu gari la Taa upande ule. Vipaza sauti vyote vinaelekezwa juu, kila mmoja anamfundisha ndege. Mama mmoja wa Mwavuli kaleta punje za mtama kumshawishi. Wa Taa wakasema hiyo ni rushwa. Wakashikana mashati. Ndege halisi wote wamekimbia, hata kunguru, na kunguru huwa hajali kitu.

Mkuu wa chuo akaja na kidole juu. Huyu siku nyingi anakitaka chumba chetu cha ndege aweke madawati mabovu. Akamwambia Profesa kwamba chuo kimekuwa kichekesho. Kamati ya wataalamu wa ndege inakuja Jumapili alfajiri kusikiliza kwa masikio yao. Magari ya kampeni yatafukuzwa. Ndege akiimba, chumba kinabaki cha Profesa mpaka siku atakayoamua mwenyewe. Asipoimba, ndege wote wanaingia kwenye maboksi Jumatatu, na Profesa anakwenda kupumzika nyumbani.

Profesa akakubali, tena kwa furaha! Akanishika bega mbele ya wote, akasema wa kwanza kuinasa sauti ya ndege ni kijana wangu huyu, na kwenye ripoti jina lake litatangulia, langu litafuata. Jina langu! Juu ya jina la Profesa! Mpigapicha akaitwa. Kitambulisho hiki hapa shingoni. Picha yenyewe nimetoka kama mtu aliyeona nyoka.

Jumamosi, tarehe 9

Leo nilikwenda kusema kweli. Nilijiandikia kabisa kwenye karatasi, niisome tu macho chini. Nikamkuta Profesa anawapangusa ndege mwenyewe, mmoja mmoja, anawaambia watulie, hakuna anayekwenda kwenye boksi.

Kabla sijaitoa karatasi akanikalisha. Akanipa siri. Anasema alipokuwa mwalimu kijana hapa chuoni alilala chini ya mti ule, na alfajiri akamsikia ndege. Mara moja tu. Sauti yake haikuwa wimbo, ilikuwa kama bawaba ya mlango ikihitaji mafuta. Kriii. Akawaambia wenzake. Tangu siku hiyo kila akipita koridoni wanafungua milango polepole ilie kriii, wamevunjika mbavu. Miaka arobaini! Wengine wamestaafu wamewarithisha wengine. Akafika mahali akaanza kuamini kwamba aliota.

Kwa hiyo mluzi wangu umemfungulia kila kitu, anasema. Zamani zile hapakuwa na magari ya kampeni, palikuwa na mlango wa stoo tu, ndiyo maana ndege aliimba bawaba. Akanifinya mkono. Akasema mwanangu, nilikuwa mwendawazimu wa peke yangu, sasa tuko wawili.

Karatasi nimeila. Kweli, nimeitafuna nikaimeza, nyuma ya kabati la bundi.

Shangazi akanikuta jikoni nalia kwenye ndoo. Kumbe anajua tangu Jumanne! Anasema mimi nikiosha vyombo napiga mluzi ule ule na kikohozi kile kile. Akanisimamia na mwiko. We mtoto, anasema, ndege wako ana bahati ana shangazi mwenye mdomo mzito. Ama ukaseme, ama unyamaze umwachie Mungu, lakini usiongeze jambo la tatu. Umenisikia? La tatu usiongeze!

Nimemwapia. Nimekubali moyoni kabisa. Mluzi basi. Mimi na uongo tumeachana leo.

Jumapili, tarehe 10, alfajiri

Jamani! Naandika mbio, sijui kama nitaweza kuyasoma haya.

Saa kumi na moja nilikuwa mtini. Si kupiga mluzi! Kuangalia tawi tu, likoje. Nimetulia pale, giza linaanza kukatika, nikahisi kuna kitu karibu na sikio. Ni yeye! Mdogo, wa kahawia, kavimbisha manyoya, hana hata habari na mimi. Akanyoosha shingo, akafungua mdomo.

Kriii.

Bawaba! Bawaba ile ile ya mzee! Nimeshtuka nusura nidondoke. Kriii, tena. Ndege anaimba! Profesa hakuota! Vitabu vyote uongo, koridoni kote uongo, mzee peke yake ndiye mkweli! Nimelikumbatia shina la mti nikalia. Na ndege hakuondoka. Alirudia mara sita. Kamati inaingia nusu saa baadaye, hata sihitaji kufanya chochote. Nishuke tu, nikae kimya, wakute anaimba. Chumba kimepona, mzee kapona, na mimi nimepona.

Nikaanza kushuka.

Halafu nikasikia mara ya saba, nikaingiwa na wasiwasi. Hawa wataalamu wametoka mbali. Gazetini wamesoma nyimbo mbili, na kikohozi. Leo unawapa bawaba? Si wataita fundi seremala? Si watasema ni mlango wa stoo, wamcheke mzee miaka mingine arobaini? Ndege mwenyewe hajui leo ni siku gani. Hajajiandaa. Mtu hawezi kukabidhi kazi ya Profesa kwa kiumbe kama hiki bila msaada.

Nimemfukuza. Kwa upole, kwa kofia. Tawi lake ndilo pekee linalobeba mtu.

Shangazi alikataza jambo la tatu, lakini nikihesabu vizuri hili si la tatu. Mwavuli na Taa zilishakuwepo, naunganisha tu. Nitaanza na Mwavuli, nimalizie na Taa, asilalamike mtu. Nikipata pumzi nitaweka na kriii moja katikati kwa heshima ya mzee. Nimerudi chumbani mara moja kuchukua shali ya kahawia ya Shangazi na kulowesha midomo, mikavu mluzi hautoki. Kitambulisho nimekiingiza ndani ya shati kisimetemete.

Lazima niondoke sasa. Gari la kamati limeshasimama getini, Profesa namsikia anawakaribisha, na haitapendeza wataalamu wafike mtini kabla ya ndege.