Vipimo Mbele, Siri Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Daftari langu la vipimo limekufa leo saa nne asubuhi, mbele ya mteja. Tangu mwezi uliopita lilikuwa linaachia kurasa, nami nikawa nalifunga kwa kipande cha lastiki. Leo limeachia zote. Mwalimu wa hesabu alikuja kuchukua sketi yake. Akaingia nyuma ya pazia kuijaribu. Akatoka ameishika kiunoni kwa mikono yote miwili, na nafasi bado ilibaki. Wino ulikuwa umepenya kutoka ukurasa wa pili, na 68 yake mimi nikaisoma 88. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, kwa upole, siku ile nilipompima nilikuwa namtazama nani. Afadhali angepiga kelele.

Ng'ambo ya korido yupo fundi mwenzangu. Mtaa mzima unamwita Injinia, na hajasomea chochote nisichosomea mimi. Siri yake ni daftari. Jalada gumu, jeusi, na utepe mwekundu wa kuonyesha ukurasa. Mteja akiliona linafunguliwa anasimama wima na kushusha sauti, kama yuko kwa daktari. Mimi nikifungua langu, mteja anainama kuokota karatasi.

Na Jumatatu ijayo matroni wa kituo cha afya anakuja kuchagua fundi wa kushona sare za wauguzi ishirini na wawili. Atapita kwangu, atapita kwa Injinia. Nisipopata kazi hiyo nafunga duka. Mke wangu analijua hilo, na kaka yake analijua zaidi. Shemeji huyo ana karakana ya makochi. Ameshanitengea kiti na cherehani karibu na mlango, nishone mito. Nimemzidi miaka sita, naye ananiita kijana wake. Naogopa. Niandike wazi: naiogopa ile mito.

Kwa hiyo nahitaji daftari zuri, la bei inayolipika, kabla ya Jumatatu. Haya yenyewe nayaandika nyuma ya karatasi ya kahawia niliyokatia suruali ya mtu. Mistari inaanza mipana kiunoni na kuishia miembamba mguuni. Mtu hawezi kupanga maisha yake hivi.

Jumanne, 4 Machi

Duka la vifaa vya ofisi. Mpango: nisijulikane kwamba nataka daftari moja tu. Mteja wa daftari moja hapewi muda wa kulipapasa. Nikavaa koti la mteja ambaye hajarudi kulichukua, nikajitambulisha kuwa mwalimu mkuu anayetafuta madaftari mia nne. Nikaomba sampuli.

Mwanamke mwenye duka akanitandazia sita. Nikafanya kazi ya kitaalamu! Nikaandika pembeni kwa kalamu ya wino, nikageuza ukurasa, nikatazama. Mawili yalipitisha wino. Mawili hayakukubali kulala wazi. Ukiyaachia yanajifunga, na fundi akipima mikono yake yote iko kwenye futi. Moja lilikuwa na waya ubavuni, na waya unakamata nyuzi. La sita lilitoka rafu ya pili kutoka chini, jalada la kijivu, halina mbwembwe. Wino haukupita. Lililala wazi lenyewe. Nikauliza bei, nikaisikia, nikaingiwa na mashaka. Ilikuwa ndogo mno. Nikamwambia mwenye duka kwamba shule yangu haiwezi kujishusha kiasi hicho.

Akayakusanya taratibu, moja juu ya jingine. Kisha akasema:

"Sawa, mwalimu mkuu. Na gauni langu litakuwa tayari lini?"

Gauni la kijani. Aliniletea kitambaa mwezi wa kumi na mbili. Ukurasa wake ndio ulikuwa wa kwanza kudondoka. Niliondoka bila kuaga.

Jumatano, 5 Machi

Hivi mimi si fundi? Kwa nini ninunue kitu kilichoshonwa? Nimechukua karatasi nyeupe nzito, nikazikunja katikati na kuziweka chini ya mguu wa cherehani. Sindano ya jinzi, uzi wa jinzi. Mshono mfupi kabisa, maana mshono mfupi ndio heshima ya fundi. Sindano mbili zilivunjika, ya tatu ikapita. Jalada nikalitengeneza kwa kile kitambaa kigumu cha ndani ya kola, nikaliwekea mfuko wa kalamu wenye zipu. Marehemu baba aliyenifundisha kazi hii angeliona, angenisamehe mengi.

Mke wangu akalifungua alitazame. Likafunguka kweli kweli: nusu likabaki mkono wa kushoto, nusu mkono wa kulia. Ule mshono mfupi ulikuwa umetoboa karatasi tundu kwa tundu, kama stempu. Akaniuliza kama hiki ni kitabu au ni tiketi. Nikamwambia ni jaribio.

Sikula vizuri. Siku tano zimebaki.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemtuma mke wangu kwa Injinia, ajifanye anataka gauni. Kazi yake: alione lile daftari, alishike ikiwezekana, ajue lilikotoka. Nilimfundisha maneno ya kusema kwa dakika ishirini. Alinitazama tu kwa yale macho ya kwao.

Alikaa huko saa nzima. Nilimsikia akicheka. Nikashona kola kwenye mguu wa suruali, ikabidi nifumue.

Taarifa yake ni hii. Karatasi ni nzito na wino haupiti. Kurasa zimeshonwa kwa mafungu madogo madogo, hazikubandikwa kwa gundi, ndiyo maana hazidondoki. Limenunuliwa kwa yule yule mama wa gauni la kijani, rafu ya pili kutoka chini. Ni lile la kijivu! Lile jalada jeusi Injinia amelivalisha mwenyewe kwa mabaki ya ngozi ya bandia, na utepe mwekundu ameukata kwenye nguo ya mtu. Nilikuwa nalo mkononi juzi. Nilikuwa nalo mkononi na nikalitukana.

Taarifa ya nyongeza, ambayo sikuiomba: Injinia ana mkono mwepesi sana anapopima. Na lile gauni si la kujifanya tena. Mke wangu ameliagiza kweli, litakuwa tayari wiki ijayo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeshona gauni la kijani tangu alfajiri bila kunyanyua kichwa. Nimelipeleka mwenyewe. Mwenye duka akalivaa, akajigeuza mbele ya kioo, akasema miezi mitatu si mingi kwa mkuu wa shule mwenye shughuli nyingi. Kisha akanishushia lile la kijivu kabla sijalitaja. Nikalipa, nikalikumbatia njia nzima.

Ninalo. Harufu yake tu inatuliza! Nikiandika, upande wa pili hakuna hata kivuli. Nikilifungua linalala kimya na kunisubiri.

Sasa, kurasa mia mbili kwa vipimo peke yake ni ubadhirifu. Nimeamua: vipimo vianzie mbele, na mambo yangu haya yaanzie nyuma, daftari likiwa limepinduliwa. Vitakutana katikati baada ya miaka miwili. Tayari nimenakili humu zile karatasi za kahawia zote tangu Jumatatu, kwa mwandiko wa kupendeza, nikazichana.

Niandike na mpango wa sare nisije nikausahau. Nikipunguza pindo la kila gauni vidole viwili, kwa wauguzi wote wale nabakiwa na kitambaa cha pazia jipya la chumba cha kujaribia nguo. Hakuna atakayegundua. Matroni nimeshamwona barabarani: anatembea kama amebana kipimajoto kwapani, shingo juu, hatazami chini. Mtu wa hivyo pindo atalionea wapi?

Leo, kwa mara ya kwanza wiki hii, roho imetulia.

Jumamosi, 8 Machi

Karatasi ya kahawia tena. Nitaeleza.

Matroni alikuja leo, siku mbili kabla ya wakati, na wauguzi wawili. Nikafungua daftari, likalala wazi lenyewe. Akaligusa kwa ncha ya kidole, akasema ni mara ya kwanza kuona fundi anayeheshimu maandishi. Injinia alikuwa amesimama mlangoni kwake, futi shingoni. Nilijifanya simwoni, lakini nilihakikisha yeye ananiona. Nikawapima wale wawili, nikaandika tarakimu kubwa, safi.

Ndipo matroni akasema wengine wako zamu na hawawezi kutoka. Daftari atakwenda nalo kituoni, awapime huko mwenyewe, maana kupima watu ndiyo kazi yake ya maisha. Jumatatu atalirudisha na jibu. Nikampa. Kwa mikono miwili nikampa! Nikamwongezea na futi yangu bora, nikamsindikiza mpaka barabarani, nikarudi naimba.

Mke wangu akaniuliza yale mambo yangu siku hizi nayaandika wapi.

Nikakaa sakafuni, katikati ya mabaki ya vitambaa. Mke wangu akanifariji kwamba huenda matroni asilipindue. Lakini daftari lile ni zuri mno. Ukiliweka vyovyote, linafunguka.

Jumapili, 9 Machi

Mpango: kuumwa. Nikaingia kituo cha afya nimeshika tumbo, nia yangu nilifikie daftari na kunyofoa kurasa za nyuma. Muuguzi wa mapokezi akauliza linauma wapi. Nikamwonyesha mahali pawili tofauti. Akanipima presha. Akatazama kipimo, akanitazama mimi, akapima tena. Akasema haondoki mtu hapa. Nikalazwa.

Kitanda kilitazamana na chumba cha wauguzi, na ukuta wa chumba kile ni kioo. Daftari langu lilikuwa mezani. Mmoja anapima, wa pili anapimwa, wa tatu anaandika. Sawa. Nikaanza kupumua. Kisha wa tatu akaliangusha. Akaliokota. Akalifungua limepinduka. Niliiona midomo yake ikisoma, polepole kwanza, halafu haraka. Akawaita wenzake. Wakacheka mpaka mmoja akatafuta kiti. Halafu wakaacha kucheka, wote kwa pamoja, na nikajua wamefika kwenye pindo. Wakalipeleka ofisini kwa matroni, mlango ukafungwa.

Muuguzi akanipima mara ya tatu, akasema presha imepanda zaidi. Nikamwambia najua.

Saa kumi na moja waliniruhusu, na vidonge juu. Shemeji alikuja kunichukua kwa gari la makochi. Dada yake alimpigia simu. Njiani akanieleza, kwa huruma kabisa, kwamba hajawahi kuona mto uliompandisha mtu presha. Kile kiti changu amekiwekea sponji nzuri. Nilitazama nje ya dirisha asinione macho. Miaka kumi na saba nimekuwa na mlango wangu mwenyewe, na jina langu juu ya mlango. Nikiamka kesho sijui nitakuwa nani.

Jumatatu, 10 Machi

Matroni aliingia saa tatu kamili. Alitembea mikono ameiacha mbali na mwili. Mikono yote miwili. Akaweka daftari kwenye meza ya kukatia, upande wangu ukiwa juu, akavaa miwani. Mke wangu akakumbuka shughuli dukani kwa jirani. Nilisimama tu na mkasi mkononi.

"Fundi," akasema, "kwa mwenzako nimepita. Kwake kila kitu ni safi, na sijui anaibia wapi. Wewe najua."

Kazi ni yangu!

Masharti yapo. Kila gauni ataletewa, na pindo atalipima kwa rula mbele ya macho yangu, gauni kwa gauni. Likipungua hata upana wa kidole, mengine yote yanavuka korido. Nilikubali kabla hajamaliza. Nilitaka kumshika mkono kwa shukrani, akauficha nyuma. Ameniachia daftari ninakili vipimo, na saa kumi anarudi kulichukua kwa sababu wauguzi wanne bado hawajapimwa.

Nililia kidogo nyuma ya pazia. Naandika ukweli. Mke wangu akampigia kaka yake kumpa habari. Akajibu amefurahi sana, na kile kiti kwa sasa hampi mtu mwingine.

Baada ya chakula nimekaa na kutafakari kilichoniponza. Ni mwandiko. Ulikuwa mkubwa mno na mzuri mno, hata mtu aliyesimama aliweza kuusoma. Kuanzia sasa, huku nyuma naandika herufi ndogo, na nimeshaanza. Jambo la pili nimeligundua wakati nanakili vipimo. Matroni ametaja pindo mara nne. Mifuko hakuitaja hata mara moja. Kila gauni lina mifuko mitatu, na hakuna muuguzi anayejua mfuko wake unatakiwa kuingia kina gani. Nikipunguza vidole viwili kila mfuko, mitatu kila gauni, magauni ishirini na mawili

Matroni amefika. Nimemwomba anisubiri dakika moja, nimalizie kuandika.