Uso Wangu Kabla ya Kwanjula

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Nimeingia kwenye utafiti wa chunusi! Krimu ya retinoidi, bure. Daktari Otema anasema nusu yetu tumepewa krimu yenye dawa, nusu krimu tupu, na hata yeye hajui nani ana ipi. Msomi mzima, hajui! Nipake kiasi cha punje ya njegere usiku, nikwepe jua, matokeo baada ya wiki kumi na mbili. Kumi na mbili! Kwanjula yangu, siku ya kutambulishwa rasmi kwa wazazi wa mchumba wangu Moreen, ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nikamwambia mimi nimefika kidato cha pili, na Dubai. Akajibu: ssebo, yaani bwana, soma maelekezo.

Alhamisi, 4 Septemba
Uso shwari kabisa. Basi nimepewa tupu! Jirani yangu Esperance, Mkongo muuza vitenge hapa Kansanga, naye yumo utafitini. Anabambuka, analia, ati kaka Sifuna, wateja wananikimbia. Moyo wangu laini. Nikaomba tubadilishane krimu: yeye apumzike, mimi niteseke kwa niaba yake. Akaniita malaika. Sikubisha.

Jumanne, 9 Septemba
Napaka asubuhi, mchana, usiku. Njegere? Mimi napaka boga. Kisha nasimama juani, dawa iive. Odera, mpambe wangu, Mkenya mwenzangu mwenye uso kama yai la kuchemsha, ameuliza kama nimeangukia sigiri ya makaa. Wivu!

Jumamosi, 13 Septemba
Kasubi, nyumbani kwa kina Moreen. Kwa desturi ya Waganda, bwana harusi hukaa kimya katikati ya wenzake. Senga, shangazi wa binti, humtafuta na kumbandika ua. Senga ananijua. Gomesi aliyovaa nimemnunulia mimi! Akanipita. Akarudi. Akanitazama kwa huruma, akaomba mgonjwa huyu apelekwe kivulini. Kisha akambandika Odera ua! Vigelegele! Nikapiga kelele kwamba bwana harusi ni mimi. Mzee mmoja wa kina Moreen akasema bwana harusi hazungumzi, kwa hiyo huyu ni tapeli. Odera, mshenzi yule, akapiga magoti kushukuru! Moreen alipotolewa akacheka, kisha akalia kabisa. Shughuli imeahirishwa mwezi mzima. Nisiporudi na uso wanaoujua, hakuna binti.

Jumatatu, 15 Septemba
Daktari Otema kauona uso, nikaungama tulivyobadilishana krimu, kanitoa utafitini. Anasema sasa ana makundi matatu: wenye dawa, wenye tupu, na Sifuna. Heshima kubwa! Nikamwombea Esperance msamaha, nikasema kosa lote ni langu. Amesamehewa. Mimi nimeagizwa niuache uso upone wenyewe, nisipake kitu kingine chochote. Moreen naye kapiga simu: ananitaka na chunusi zangu zote, alishazizoea. Nilidondosha chozi. Likaniwasha shavu.

Mtu akipendwa hivyo hakai kusubiri. Nikaenda moja kwa moja kwa Valère, muuza vipodozi. Ana sabuni inayorudisha sura ya zamani upesi. Nimechukua miche miwili. Inachoma mpaka masikio. Dalili njema!