Mwenyekiti Ndani ya Tangi

Jameni, leo nimeaibika mbele ya watu wa Mungu.

Kwanza mjue mimi ni mwenyekiti wa maji kwenye ploti yetu hapa Ruiru. Sio cheo kidogo. Tangi letu liko chini ya ardhi, lina mfuniko na kufuli, na funguo ninaweka mimi peke yangu. Juzi nilimkaripia Akinyi wa nyumba namba saba kwa kuchovya kikombe chake kwenye ndoo ya watu wote. "Usafi wa maji ni uhai, mama," nikamwambia. (Mikono nyuma, kama DC.) Kesho ndiyo ingekuwa siku ya uchaguzi wa kamati, na ni huyo huyo Akinyi anataka kiti changu.

Basi asubuhi nikafungua tangi kuangalia maji yamefika wapi. Nikainama. Funguo zikatoka mfukoni. Chubwi!

Nikiita fundi, Akinyi atajua. Nikakumbuka snokeli yangu, ile miwani mikubwa yenye bomba la kupumulia ukiwa ndani ya maji. Niliinunua mitumba Thika. Jamaa aliyeniuzia aliapa ina kazi nyingi: "Mzee, ukikata vitunguu nayo hulii. Ukienda Gatuanyaga huli vumbi." Kuogelea hata hakutaja.

Saa nne, Akinyi alikuwa na wamama wa fellowship ya kanisa kwake, wanaimba wakiongozwa na Mama Pasta. Nikavua nguo, nikabaki na boksa. (Ya maua. Zawadi.) Nikateremka. Maji yalinifika kifuani. Nikatumbukiza uso, nikaanza kutafuta.

Ningemaliza kwa dakika tano. Kumbe nimekanyaga mpira wa pampu! Kwa Akinyi mfereji ukakohoa, ukanyamaza, naye akatoka kuja kuangalia tangi.

Nikasikia malapa. Nikazama, bomba tu likabaki juu. Fuuuh. Fuuuh.

"Nani anapumua huku?"

Wakati huo huo maji yakaingia kwenye bomba. Nikapuliza kwa nguvu, yakaruka yakampata usoni.

"Uuuwi! Mama Pasta! Kuna kitu kwa tangi!"

Fellowship yote ikaja. Mama Pasta akasimama juu yangu na Biblia. "Shindwe! Wewe roho chafu, taja jina lako!"

Nikaogopa nikinyamaza watanimwagia maji moto. Nikajibu, bomba bado liko mdomoni, "Ni Kiarie!" Ikatoka, "Mbwi Mbwabwie!" Na tangi likairudia mara tatu.

"Haiya! Hii imetoka baharini," akasema Mama Pasta. "Leteni chumvi!"

Wakamwaga pakiti mbili. (Kwenye maji ya wiki nzima!) Pakiti ya pili ikanigonga kichogoni, ikabidi nipande ngazi. Nikatokeza, miwani usoni, maua yananing'inia. Hakuna aliyekimbia. Afadhali wangekimbia.

"Mwenyekiti?" Akinyi aliuliza kwa upole, kama mtu ameona maombi yake yamejibiwa.

"Nakagua," nikasema.

Halafu mama mmoja kule nyuma akauliza, "Na ile chai tumemaliza saa hii, maji yake yalitoka wapi?"

Nusu yao wakakimbilia ukuta kutema. Mama Pasta akakaa chini polepole.

Uchaguzi haukungoja kesho. Ulifanywa pale pale kwa kuinua mikono, mimi nikitetemeka kwenye taulo ya jirani. Hata mke wangu aliinua wake, na sio upande wangu. Kisha mwenyekiti mpya akafunga hanger ya nguo kwenye mti wa mopu, akazitoa funguo akiwa mkavu kabisa. Agizo lake la kwanza: tangi limwagwe lote, na kila mwezi lisuguliwe na mwenye vifaa.

Wageni wote mliokunywa chai kwa ploti yetu leo asubuhi: nawaheshimu sana. Naomba msinipigie.