Kichwa cha Samaki Alichopewa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Marivic amempa mama yake kichwa cha samaki. Kichwa! Mimi, mume wa nyumba, nimeachiwa mkia. Nimesusa. Sikufoka, sikugomba. Nimejifungia chumbani, uso ukutani. Sasa ni zamu ya mke wangu kuja mlangoni na sahani kunibembeleza, kama watu wote wa mji wetu wa Iloilo wafanyavyo. Nitakataa mara mbili, ya tatu nitakubali.

Jumanne, 4 Juni
Hajaja mtu. Labda hawajui kama nimesusa. Nimebamiza mlango. Nikamsikia mama mkwe, Nanay Pacing, akiuliza kama huo ni upepo. Mchana njaa ikanizidi. Nikatorokea dirishani hadi kwa jirani muuza uji wa mchele. Nani yuko pale na bakuli? Nanay Pacing! Akaniambia, “Baba, ukisusa, susa kweli. Walau futa mdomo.”

Jumatano, 5 Juni
Balaa! Marivic anafunga begi. Kesho anahamia kwa shangazi yake, kisiwani Guimaras. Moyo umenipasuka. Nimemkimbilia Nanay Pacing kuuliza kulikoni. Amecheka mpaka kikohozi kikamshika. Kumbe Marivic amesusa tangu Jumamosi! Eti nilisema mbele ya wageni kwamba dada yake anamshinda kupika. Siku zote hizi anangoja nimbembeleze, na mimi nilidhani amechoka tu. Tena nilikuwa naufurahia ule ukimya.

Alhamisi, 6 Juni
Alfajiri nimepiga magoti mlangoni na bibingka, keki ya mchele, ya moto kabisa. Amekataa. Nimebembeleza. Amekataa. Nimeimba! Amefungua haraka, akanisihi ninyamaze, akacheka, akazirudisha nguo kabatini. Nampenda sana mwanamke huyu, jamani. Nimeapa: sisusi tena maishani.

Ijumaa, 7 Juni
Bibingka yote wameila yeye na mama yake. Hata kipande sikubakiziwa! Nimesusa. Safari hii kwa akili: nimebandika karatasi mlangoni, “Nimesusa leo, saa mbili asubuhi,” na sahihi yangu, asije mtu akadai amenitangulia.
Saa tatu nimechungulia. Chini ya sahihi yangu kuna mwandiko wa Marivic: “Mimi tangu jana jioni.”
Jana jioni! Nilifanya nini jana jioni? Siulizi. Aanze yeye.