Mwalimu wa Kwanza wa Evodia

Jumatatu, 14 Julai 2025
Evodia kaja! Mtoto wa mama mdogo, mzaliwa wa Kongwa, mchezaji wa skwoshi wa kulipwa, makazi yake Cairo. Kafikia kwangu Nzuguni. Kazi yake ni kupiga kampira keusi ukutani, na kwa kazi hiyo ameshazunguka nchi ambazo mimi huzisikia kwenye taarifa ya habari tu. Kasema nikipata kibali cha kusafiri nje, mwezi ujao niende nikamwone akicheza, nauli juu yake. Mimi, ambaye sijawahi kuvuka mpaka wowote!

Kibali husainiwa na Mkurugenzi wetu, Bwana Mazengo. Hapo ndipo pagumu.

Jumanne, 15 Julai
Mtumba, ofisini. Obedi, ninayekaa naye meza moja, kasema mtu wa masjala hana shughuli Cairo. Wivu huo. Nimeingia kwa Mkurugenzi, nikatoa shikamoo mbili badala ya moja, nikamweleza kwamba Evodia nilimfundisha mimi. (Ukweli: alijifunza mwenyewe kwenye ukuta wa ghala kuukuu la karanga. Mimi nilikuwa naokota mpira kwa majirani.) Kumbe Mkurugenzi naye hucheza skwoshi! Kataka apambane na Evodia Ijumaa. Kibali atakitazama baada ya hapo.

Jumatano, 16 Julai
Mpango uko tayari. Kwenye bonanza la idara yetu mkubwa hafungwi. Mwaka jana kipa alimpisha Mkurugenzi golini kama anampisha mlangoni. Nimemwomba Evodia afanye hivyohivyo. Kaniuliza kama namtaka ashindwe makusudi. Nikasema hapana, ashindwe kwa heshima. Kaendelea kuruka kamba uani, upepo unammwagia vumbi, wala hakohoi. Nimechukulia kwamba kakubali.

Alhamisi, 17 Julai
Nimemsindikiza mazoezini. Kabandika kipande cha karatasi ukutani, akakipiga kwa mpira, tena na tena, mpaka kikachanika katikati. Huyu nimemjua tangu anatambaa, na leo nimeogopa hata kumwita jina. Nikamuuliza mkono huo kaupata wapi. Kasema kwenye kufungwa: miaka mingi alikuwa akitolewa raundi ya kwanza, na kesho yake anawahi uwanjani kabla mlinzi hajafungua. Machozi yalinitoka. Kisha nikamkumbusha ya kesho.

Ijumaa, 18 Julai
Kamfunga. Seti tatu, Mkurugenzi kapata sifuri, sifuri, sifuri. Mkurugenzi alikimbia mpaka akakaa sakafuni, nami nikaanza kuwaza barua ya uhamisho. Kumbe anacheka! Kasema tangu apate cheo hakuna mtu aliyecheza naye kweli, na kwamba hajawahi kuona jambo zuri namna ile. Hata mimi sijawahi. Nikamnyooshea kibali palepale, na kalamu. Kakataa. Kasema kama mwanafunzi ndiye huyu, mwalimu wake hatoki Dodoma. Nimfundishe na yeye, kila asubuhi, kabla ya kazi na wikendi pia.

Jumamosi, 19 Julai
Somo la kwanza. Raketi nimeishika leo kwa mara ya kwanza maishani. Mpira umenipiga sikioni, mgongoni na sehemu ambayo sitaiandika. Mkurugenzi kasema anajua namficha mbinu zangu, na hatachoka mpaka nizitoe.

Jumapili, 20 Julai
Nimemsindikiza Evodia stesheni. Kasema ameshacheza mbele ya watu wengi sana, hakuna hata mmoja wa nyumbani. Kaniomba jambo moja: kaka, mwambie mzee ukweli, atakuelewa, kibali utapata. Treni ikaondoka. Nimelia mbele za watu, sikujali.

Unanifaa nini ujanja, kama nitamkosa dada yangu akicheza? Nimeamua. Kesho asubuhi nasimama mbele ya Mkurugenzi, namwambia ukweli: aliyemfundisha Evodia ni Obedi.